Nyumba za Mlimani na Neno Moja la Kihispania

Hotuba niliyoitoa mbele ya watafsiri na wanafunzi wa tafsiri jijini Nairobi, katika juma la Siku ya Kimataifa ya Tafsiri

Walimu wangu, watafsiri wenzangu, nanyi vijana mliokosa viti mkasimama kule mlangoni, nawasalimu nyote.

Nimekuja na neno moja. Wengi hapa mnafanya kazi ya Kiingereza na Kiswahili, wachache Kifaransa, na naona nyuso tatu nne za watu wa Gigiri, kwenye ofisi za Umoja wa Mataifa, ambao Kihispania kwao ni mkate wa kila siku. Neno langu ni la Kihispania, lakini asiyekijua Kihispania asijali, nitamshika mkono tutembee pamoja. Neno lenyewe ni “desperdigado”. Ni kivumishi. Husemwa kwa vitu vilivyo huku na kule, kimoja hapa na kingine kule, na hakuna dalili kwamba kuna aliyevipanga.

Nililikuta katika kazi ambayo bado iko moyoni mwangu. Ilikuwa simulizi ya mama mmoja wa milima ya Andes, upande wa Peru. Mtu alikuwa amemrekodi, akaandika maneno yake, kisha akatia utangulizi wake mwenyewe mwanzoni. Mimi nilitakiwa kuipeleka kwa Kiingereza, na baadaye kwa Kiswahili. Katika ukurasa wa kwanza wa utangulizi kulikuwa na sentensi hii: “Había unas casas desperdigadas por la ladera.” Yaani palikuwa na nyumba kadhaa kwenye mteremko, na hizo nyumba zilikuwa “desperdigadas”.

Nikimuuliza mwanafunzi yeyote wa mwaka wa pili atanijibu kabla sijamaliza swali: “scattered”. Sitamlaumu. Mimi pia niliandika “scattered” nikasonga mbele. Nilirudi nikalifuta, nikaandika lingine, nikalifuta hilo pia. Nikakaa na ile nusu sentensi siku mbili, huku tarehe ya kukabidhi kazi ikikaribia. Leo nataka niwaeleze kilichonizuia.

Kwanza twende stendi ya mabasi ya Machakos, hapa hapa mjini. Asubuhi moja baada ya mvua nilikuwa pale nikingoja basi. Makanga alikuwa anapandisha gunia la maharagwe kwenye keria, mshono ukaachia. Mwenye gunia, mama wa makamo, akapiga ukelele, na kila aliyekuwa karibu akasema neno lile lile: “Yamemwagika!” Yalikuwa bado yanaanguka, kama maji ya mfereji. Muda mfupi baadaye yalikuwa yamefika chini ya magurudumu, kwenye vidimbwi, hadi kwenye miguu ya muuza mayai, na sasa watu wakasema: “Yametawanyika kila mahali.” Mama akavua leso yake, akaitandaza juu ya lami, akaanza kuyazoa kwa viganja, anapuliza mchanga, anatoa vijiwe, anaweka. Tuliinama watu kama sita kumsaidia. Tunasema maji yakimwagika hayazoleki, lakini maharagwe huzoleka, na mama yule aliondoka na zaidi ya nusu gunia. Nilipopita pale tena jioni, punje zilizobaki zilikuwa zimejaa nyufa za lami. Hapo ningesema yamezagaa.

Kumwagika, kutawanyika, kuzagaa. Vitenzi vitatu kwa gunia moja katika siku moja, na hakuna aliyefikiri kabla ya kuchagua. Lakini angalieni: vyote vitatu vinaweza kusemwa kwa maharagwe yale kwa sababu saa moja kabla yalikuwa ndani ya gunia. Yalikuwa pamoja, kisha yakaachana. Sasa rudini kwenye nyumba za mlimani. Zile nyumba ziliwahi kuwa kwenye gunia gani?

Swali hilo ndilo lililonizuia, na ndilo lililonileta mbele yenu leo. Unapokutana na neno la vitu vilivyo huku na kule, katika lugha yoyote, jiulize kama vitu hivyo vimewahi kuwa pamoja. Kama viliwahi, uliza nani alivitenganisha. Kama havikuwahi, uliza ni nani anayevitazama na kuona kwamba vingepaswa kuwa pamoja.

Kihispania kina ukoo mzima wa maneno haya, na kila moja lina asili yake. “Disperso” limetoka katika Kilatini, “dispergere”, na ndani yake mna “spargere”, kunyunyiza au kutupa huku na kule kwa mkono. Mtoto mwingine wa “spargere” ni “esparcido”, ambalo bado linabeba mkono wa mtu anayetawanya kitu makusudi, kama mbolea shambani. “Diseminado” ni la mbegu. “Regado” ni la maji, kwani “regar” ni kumwagilia, na katika nchi nyingi za Amerika ya Kusini, Amerika ya Kati na Mexico mama atamwambia mwanawe kwamba vitu vyake vya kuchezea viko “regados” sebuleni, kana kwamba mtoto amevimwaga kwa ndoo. “Desparramado” ni la kitu kilichomwagika kikasambaa. Na “desperdigado” letu, ukilisikia kinywani mwa Mhispania, lina harufu ya kuachiliwa: vitu vilivyotengana bila mpango, kila kimoja kikaishia kilikoishia.

Maneno haya yote yanakubaliana na nomino kwa jinsia na idadi, kwa hiyo nyumba ni “desperdigadas” na vitabu ni “desperdigados”. Pia yanadai wingi au kundi. Huwezi kusema nyumba moja ni “desperdigada”, lakini familia moja inaweza kuwa hivyo, kwa kuwa ndani ya familia mna watu wengi. Hilo Kiingereza na Kiswahili vinalikubali bila shida.

Shida iko pengine. Maneno hayo yote, asilia yake, ni vitenzi. “Desperdigado” ni kitu kilichofanyiwa jambo. Lakini Mhispania anapolitumia kwa nyumba au vichaka, kitendo kimelala. Hakuna anayeuliza nani alifanya, neno limekuwa sifa tu, kama “nyeupe” au “ndogo”. Katika “scattered” la Kiingereza kitendo hakijalala fofofo, kinasinzia tu. Mahali unapoliweka ndipo panapoamua kama kitaamka. “Scattered houses”, kivumishi kikitangulia, ni aina ya makazi, na mkono haumo. “Houses scattered over the slope”, kikifuata, mara unaona kama jitu fulani limesimama kileleni likazitupa nyumba kama mtu anayelisha kuku. Maneno ni yale yale, tofauti ni nafasi, na mtafsiri asiyeisikia atakuwa anatupa nyumba za watu bila kujua.

Nikajaribu mengine. “Strewn” nililitoa upesi. Vitu vilivyo “strewn” vimelala chini: majani, karatasi, maiti baada ya vita. Nyumba zilizo “strewn” zimepigwa na kimbunga. “Dotted” ni neno la vipeperushi vya watalii, linageuza makao ya watu kuwa nakshi ya mandhari. “Sprinkled” ni sukari juu ya keki. “Straggling” lilinivuta kidogo, kwa sababu lina ule uzembe wa “desperdigado”, lakini lina safu ndani yake, watu waliokuwa wakitembea pamoja wengine wakachelewa nyuma. Huenda likafaa kijiji kinachofuata barabara. Mlimani kwetu hapakuwa na barabara. “Sparse” nalo ni ndugu wa damu wa “disperso”, kupitia “spargere” ile ile, na ndiyo maana linadanganya sana. “Sparse” huhesabu. Linasema vitu ni vichache kuliko nafasi iliyopo, kama nywele za mzee. “Desperdigado” halihesabu. Nyumba mia mbili zinaweza kuwa “desperdigadas” na bado ziwe mia mbili.

Kuna mahali ambapo huna uhuru wa kuchagua, na ni vizuri hivyo. Rubani anayeondoka uwanja wa ndege wa Wilson akisoma SCT, kifupi cha “scattered”, kwenye taarifa ya hali ya hewa anajua kwamba mawingu yamefunika sehemu tatu hadi nne kati ya nane za anga. Sehemu moja au mbili huitwa kwa neno lingine, tano hadi saba kwa lingine, na nane ni anga lililofunikwa lote. Kihispania cha anga husema “nubes dispersas” kwa kipimo hicho hicho. Hapo ukileta “strewn” kwa sababu ya uzuri wake unaweza kuhatarisha watu. Vivyo hivyo mvua: watabiri wa Marekani wakisema “scattered” wanamaanisha uwezekano wa asilimia 30 hadi 50, na chini ya hapo wanatumia neno lingine. Sisi tuna “mvua za hapa na pale”, na nadhani hakuna tafsiri safi zaidi ya hiyo katika lugha yoyote ninayoijua. Tunaisikia redioni kila msimu na hatuishukuru.

Taasisi ya Takwimu ya Hispania nayo imeliwekea mipaka neno “diseminado”. Kituo cha makazi ni majengo yasiyopungua 10 yanayofanya mitaa na viwanja, au machache zaidi iwapo wakazi wanazidi 50. Nyumba isiyoingia humo huhesabiwa kuwa “en diseminado”. Ukitafsiri hati kama hiyo, nenda kwenye msamiati wa wanajiografia wa Kiingereza, utumie “dispersed”, uendelee na kazi.

Hapo ndipo nilipopata funzo lililoniumiza, na nitalisema wazi kwa kuwa wapo hapa vijana wanaoanza. Miaka kadhaa kabla ya simulizi ya Peru nilitafsiri ripoti kuhusu Kolombia. Idara ya takwimu ya nchi hiyo ina fungu linaloitwa “centros poblados y rural disperso”, yaani vituo vidogo vya makazi pamoja na wakazi wa mashambani wanaoishi mbalimbali. Mimi nikaandika “scattered rural population”. Sikukosea kamusi. Lakini Kolombia ni nchi ambayo mamilioni ya watu walifukuzwa makwao na vita. Aliyepokea tafsiri yangu, akiijua habari hiyo ya vita, akasoma “scattered” akaona watu waliotawanywa. Katika muhtasari wake wakawa wakimbizi wa ndani. Wakulima waliokuwa wamekaa kwenye mashamba ya babu zao wakageuka, kwenye karatasi iliyoandikwa hapa Nairobi, watu wasio na makao. Kosa liligunduliwa kabla ya fedha kugawanywa, na sikuitwa kuulizwa. Lakini lilikuwa langu. Ningeandika “dispersed settlements”, nikaweka sifa hiyo kwenye makazi badala ya kuiweka kwa watu, yasingetokea.

Nimefikiri sana kuhusu hilo, kwa sababu katika historia lilifanyika kwa makusudi.

Francisco de Toledo alikuwa mtawala wa Peru kwa niaba ya mfalme wa Hispania kuanzia 1569 hadi 1581. Watu wa Andes waliishi kama inavyofaa kuishi mlimani: shamba la viazi juu kwenye baridi, la mahindi chini kwenye joto, nyumba mahali penye maji. Watawala wa Kihispania waliona ovyo. Sheria zao zilirudia tena na tena kwamba “indios”, yaani wenyeji hao, wasiishi wamegawanyika na kutengana milimani. Toledo akaamuru wakusanywe kwenye miji iliyopimwa kwa kamba, yenye mitaa iliyonyooka, kanisa na uwanja katikati. Miji hiyo iliitwa “reducciones”. Zaidi ya watu milioni moja walihamishwa. Kwa jicho lake walikuwa wametawanyika, na aliyetawanyika ni wa kukusanywa. Neno lilitangulia, kamba ikafuata.

Sasa nyinyi wa Murang’a, Nyeri na Kiambu mmekwisha kunielewa. Hapa Kenya, mwaka 1954 na 1955, wakati wa hali ya hatari, serikali ya kikoloni iliwahamisha Wakikuyu zaidi ya milioni moja kutoka kwenye maboma yao ya ukoo, yaliyokuwa moja moja kwenye migongo ya vilima, ikawasonga kwenye vijiji vilivyozungushiwa handaki lenye vijiti vilivyochongwa. Handaki walilichimba wao wenyewe kwa kulazimishwa. Waliviita “ichagi”. Hadi leo kijana wa Nairobi akienda mashambani Desemba husema anaenda gichagi, na sijui ni wangapi wanaofikiria handaki wanapolitamka.

Nyanya yangu alikuwa mmoja wa waliohamishwa. Nilipokuwa chuoni nikijifunza jiografia ya makazi nilimwendea na daftari, nikamwambia kwa Kiswahili changu cha shule kwamba zamani, kabla ya kijiji, “watu walikuwa wametawanyika”. Aliacha kupura maharagwe. Akaniuliza, “Nani alitutawanya?” Nikakosa jibu. Kisha akasimama, akaninyooshea kidole bonde la ng’ambo, akaanza kuhesabu. Pale kwa fundi wa mizinga. Pale juu kwa dada yake mkubwa. Pale penye mti wa mugumo kwa yule aliyekuwa na ng’ombe mweusi. Nyumba saba au nane, na kati ya kila mbili alinieleza njia ilipita wapi na sauti ilifikaje. Mtu akiita asubuhi kuomba moto, alisema, aliyeko ng’ambo anasikia. Kwake yeye hapakuwa na kitu chochote kilichokuwa huku na kule. Kila nyumba ilikuwa mahali pake.

Kiswahili kiliniumbua siku ile, na nakishukuru. Kitenzi chetu hakikuruhusu kujificha. Tunasema “walitawanywa”, na hapo kuna mtu aliyewatawanya hata kama hatumtaji. Tunasema “walitawanyika”, na hapo hali imetokea, lakini bado ni hali iliyotokea: kulikuwa na kabla na baada. Hatuna kivumishi chepesi kama “disperso” ambacho kinasahau mwanzo wake. Tukitaka kusifu nyumba kwa neno hilo inatubidi tuunde kirejeshi, “zilizotawanyika”, na ndani ya kirejeshi mna “-li-” ya wakati uliopita. Wanafunzi wengi hulalamika kwamba Kiswahili kina vivumishi vichache. Mimi naona uchache huo, katika jambo hili, unatulazimisha kusema kweli.

Tena neno lenyewe lina historia ya mitaani. Mtu wa Nairobi akisikia “tawanya”, anasikia kwanza polisi na vitoza machozi. “Tawanyikeni!” ni sauti ya kipaza sauti. Kiingereza kina mwenzake hapo, kwani “disperse” ni la polisi pia, na umati uliokuwa “dispersed” umekwenda zake, ilhali uliokuwa “scattered” ulikimbia huku viatu vikibaki barabarani. Tofauti hiyo ni ndogo lakini shahidi mahakamani anaihitaji.

Wakati mwingine utajiri wa neno letu unatupita bila kuutazama. Katika habari ya mwana mpotevu, kwenye Injili ya Luka, Kigiriki kinatumia kitenzi cha kutawanya: kijana alizitawanya mali zake. Biblia ya zamani ya Kiingereza ikaandika kwamba alizipoteza bure, na ile ya Kihispania ikafanya vivyo hivyo kwa “desperdició”. Picha ya kutawanya ikaondoka, ikabaki hukumu. Kiswahili kikaandika “akatapanya”. Na kutapanya kwetu ni mambo yote mawili kwa pamoja: kutupa huku na kule, na kufuja. Sikuamini macho yangu nilipoliona hilo mara ya kwanza. Waliochagua neno hilo walikuwa na sikio.

Na “mbalimbali”? Mbali ni mbali. Ukirudia, vitu vimekaa mbali kimoja na kingine. Leo tunasema “vitabu mbalimbali” tukimaanisha vya aina nyingi, hata vikiwa vimebanana kwenye rafu moja. Kiingereza kilipita njia hiyo hiyo na “sundry”, ambalo zamani lilimaanisha kilichotengwa peke yake, na sasa maana yake ni mchanganyiko wa hivi na vile. Lakini maana ya kale ya “mbalimbali” haijafa. Wazee bado husema “tunakaa mbalimbali”, na hilo ndilo neno nililopaswa kumwambia nyanya. Halimtafuti aliyetenda. Linataja nafasi tu.

Basi nirudi kwa yule mama wa Andes, maana nilimwacha mlimani.

Siku ya pili, nikiwa bado nimekwama, nilifanya jambo ambalo ningelifanya mwanzo. Niliacha utangulizi nikasoma simulizi lote tena hadi mwisho, nikiwinda neno moja tu. Kurasa zaidi ya themanini. “Desperdigado” halimo kinywani mwake hata mara moja. “Disperso” halimo. “Regado” limo mara moja, na ni la punda aliyeangusha mzigo wa viazi. Anapozungumzia nyumba za mteremko ule ule anasema hivi: yangu, ya “comadre” wangu, na juu zaidi ya kaka yangu. Kama nyanya yangu na kidole chake.

Aliyesema “desperdigadas” alikuwa yule mgeni mwenye kinasa sauti, aliyefika kutoka mjini, akasimama chini ya mteremko akiwa ameishiwa pumzi, akatazama juu. Aliona nyumba zilizotupwa. Huo ulikuwa ukweli wa jicho lake la siku ya kwanza, na sikuwa na haki ya kumrekebisha. Nilichokuwa nikikitafuta siku zote mbili kilikuwa neno la haki kwa wakazi, na sentensi ile haikuwa ya wakazi. Kwa hiyo kwa Kiingereza nilirudisha “scattered”. Nililiweka baada ya nomino makusudi, kitendo kiamke, jitu lionekane kileleni: “A few houses lay scattered over the slope.” Msomaji aanze na jicho la mgeni, kisha mama mwenyewe aje katika ukurasa wa tatu amwoneshe nani anakaa wapi.

Kwa Kiswahili sikuthubutu kutumia “zilizotawanyika”. Msomaji wangu angeanza kuuliza swali la nyanya, nani alizitawanya, na mgeni yule hakuwa akiuliza hilo. Niliandika: “Mteremkoni palikuwa na nyumba moja moja, hapa na pale, bila mpangilio.” Hayo maneno mawili ya mwisho ndiyo yanayobeba uzembe wa “desperdigado”, na ni ya mgeni kabisa, kwa kuwa mwenyeji asingeyasema. Mhariri alitaka kuyafuta, akaona “hapa na pale” inatosha. Tulizungumza kwa simu karibu nusu saa. Yalibaki.

Kazi niliyoiona ndogo, kumbe ikanichukua mchana mzima, ilikuwa ile sentensi ya mama. “Comadre” ni mwanamke aliyemsimamia mwanao ubatizoni, na ubatizo huo huwafunga nyinyi wawili maisha yote, zaidi hata ya unavyomfunga yeye na mtoto. Kiingereza cha leo hakina neno hilo, nikaliacha kama lilivyo. Kwa Kiswahili nilianza na “rafiki yangu”, nikaona ni wizi. “Jirani yangu” ilirudisha ule umbali niliokuwa nikipigana nao. Mwishowe nilimpigia shangazi yangu wa Nakuru, nikamweleza uhusiano wenyewe bila kutaja Kihispania, nikamuuliza angemwitaje mwanamke kama huyo. Hakusita. Ndivyo ilivyochapishwa: “Hapa ni kwangu, pale ni kwa mama wa ubatizo wa mwanangu, na juu kule ni kwa kaka yangu.”

Sasa nipo tayari kwa maswali. Nadhani mwalimu wa mstari wa mbele aliinua mkono tangu nilipotaja “sprinkled”.